UZI: Kontesti kwenye redio ya ridhaa, mi nasema Uganda tunazihitaji kuliko tunavyodhani

Waya_Mrefu (Kampala)

Habari zenu wadau. Juzi kwenye uzi wa antena mjadala uliishia njiani, mzee wetu mmoja kasema kontesti, yaani mashindano ya kupata stesheni nyingi hewani kwa muda mfupi, ndo zinazoiharibu redio ya ridhaa, hii hobi yetu ya kuongea na dunia kwa redio, na wengi mkamuunga mkono, nikaona nifungue uzi wake kabisa maana hili jambo linanigusa na sitaki libaki linaning'inia hivihivi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa nchi kama yetu yenye stesheni chache, kontesti ndo darasa kubwa kuliko yote tuliyo nayo, na zile wikendi tunazozima redio eti "bendi imejaa kelele" ndo wikendi tunazopoteza zaidi.

Kwa wale wageni kwenye hii kitu nieleze kidogo. Chukua CQ WW ambayo ndo kubwa kuliko zote, inaendeshwa tangu 1948. Ya sauti iko wikendi kamili ya mwisho ya mwezi wa kumi, ya Mosi (Morse, ile ya nukta na mistari) wikendi kamili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Inaanza saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na inaisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, saa 48. Bendi, yaani mafungu ya mawimbi yanayotajwa kwa urefu wake, ni sita tu, mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Kila mtu unayempata mnapeana ripoti ya mawimbi na namba ya zoni (sehemu ya dunia uliyopo), sisi Uganda tuko zoni 37 pamoja na Kenya na Tanzania, kwa hiyo unasema "tano tisa thelathini na saba" kwa Kiingereza, naye anakupa yake, mmemalizana, anayefuata. Sekunde kumi hivi.

Sasa kaeni vizuri kwenye hesabu kwa sababu hapa ndo Afrika inapong'ara. Ukiongea na mtu wa bara lingine unapata pointi 3. Mtu wa bara lako ila nchi nyingine ni pointi 1. Mtu wa nchi yako hakuna pointi ila anakuhesabia nchi na zoni. Mjerumani akiongea na Mfaransa anapata moja, mimi nikiongea na Mjerumani napata tatu, nikiongea na Mjapani tatu, Mmarekani tatu, Mbrazili tatu, yaani karibu kila anayeniita ana pointi tatu mkononi. Halafu jumla ya pointi inazidishwa na idadi ya nchi na zoni ulizopata, na zinahesabiwa upya kwenye kila bendi. Tuseme una mawasiliano 200 yote ya pointi tatu, hiyo ni 600, na umekusanya zoni 20 na nchi 60, unazidisha 600 kwa 80, umefika 48,000. Ukipata nchi mpya moja tu, hiyo peke yake imekuongezea zaidi ya 600. Ndo maana mtu wa Italia mwenye antena kubwa kuliko nyumba yangu akisikia kolsaini (jina la stesheni hewani) inayoanza na 5X, yaani ya Uganda, anaacha kila kitu anageukia kwetu. Sisi kwake ni nchi nyingine na zoni nyingine kwa mpigo mmoja, na yuko tayari kuvumilia sauti yako nyembamba ya wati 100 na waya ulioufunga kwenye mti wa embe.

Banange, hebu lifikirieni hilo. Siku za kawaida unaita CQ, yaani "yeyote anayenisikia anijibu", mita 20 nusu saa nzima, hakuna anayejibu, unaanza kulaumu redio, unalaumu koksi (kebo ya antena), unafikiria kuuza vitu vyote. Wikendi ya kontesti dunia nzima iko hewani inakutafuta wewe. Hakuna kipimo kizuri cha antena kuliko hicho. Kama Jumamosi mchana Ulaya wanakusikia na Amerika ya Kusini hawakusikii basi umeshajua waya wako unaelekea wapi, na umejua bila kununua kifaa hata kimoja.

Na hewa yenyewe inakufundisha. Sisi tuko ikweta, hata zile chati zinazochorwa kwa ajili ya watu wa London hazituhusu sana. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima na giza linaingia haraka. Saa tisa usiku kontesti inapoanza mita 40 imejaa Ulaya na mashariki ya Marekani ambako ndo kwanza jioni inaingia. Mita 80 na 160 zinakwaruza kweli kweli, radi za upande wa Ziwa Victoria hazina likizo, lakini ukikaza masikio utamtoa mtu ndani ya huo mkwaruzo. Kukipambazuka mita 20 na 15 zinakuletea Japani ambako ni mchana wao. Jua likipanda mita 10 inafunguka, kama miaka hii ambayo jua lenyewe lilifika kilele chake mwaka 2024, unapata Asia asubuhi, Ulaya mchana, halafu kuanzia saa tisa alasiri Wamarekani wa pwani ya mashariki wanaamka wanaanza kuingia mmoja mmoja mpaka inakuwa mvua. Mtu aliyekaa siku mbili akaisikia hiyo safari nzima kwa masikio yake hatasahau. Unaweza kuisoma kitabuni mwaka mzima na bado ukiambiwa saa mbili usiku tafuta Brazili usijue ugeuzie bendi gani.

Nawakaribisha, anayepinga apinge kwa hoja.

Mzee_wa_Jinja

Mwanangu Waya, ni mimi uliyemsema, na sijabadilika.

Umeandika vizuri lakini umeruka kitu. Mimi redio hii niliingia kwa ajili ya watu. Unampata mtu Finland, anakwambia theluji imefika dirishani, unamwambia huku tunavuna mahindi, anakuuliza mahindi yenu mnapika vipi, mnaongea saa nzima, mwaka unaofuata anakukumbuka kwa jina. Hiyo ndo redio ya ridhaa. Kwenye hizo kontesti zenu mtu ananiuliza kolsaini yangu mara tano kwa sababu hanisikii, halafu ananipa tano tisa! Tano tisa maana yake nakusikia safi kabisa kwa nguvu kubwa. Sasa huo si uongo? Watu wazima wanadanganyana siku mbili halafu wanapeana vyeti.

Halafu wikendi ndo siku mfanyakazi anapumzika. Ijumaa jioni nimewasha redio yangu nimsalimie rafiki yangu Afrika Kusini, Jumamosi mita 40 yote kuanzia megahezi 7.000 mpaka 7.200 hakuna pa kutia hata kidole. Na zinaongezeka kila mwaka, karibu kila wikendi kuna kontesti ya nchi fulani. Kama mnapenda mashindano kuna mpira.

Kijana_wa_Gulu

Mi namuelewa mzee ila pia swali langu ni lingine. Siku hizi kuna FT8, kompyuta ndo zinaongea kupitia redio, kompyuta inasikia mpaka mawimbi ambayo sikio halipati, na mimi nakaa hosteli na kiantena cha dirishani. Kwa nini nihangaike na kupiga kelele saa 48 wakati FT8 inanipa nchi nikiwa nakunywa chai?

Waya_Mrefu (Kampala)

Shikamoo mzee, na asante kwa kuja na hoja nzito, nilikuwa naisubiri kwako.

Naanza na tano tisa maana hapo una haki. Ni kweli imekuwa desturi tu, programu zote za kuandikia logi (orodha ya mawasiliano yako) zinaijaza zenyewe, na kama ni ripoti ya kweli basi haifai. Ila mzee usiishie hapo, uzito wa mawasiliano ya kontesti hauko kwenye hiyo tano tisa, uko kwenye kolsaini na kinachofuata. Twende kontesti nyingine, CQ WPX, ile ya mwezi wa tatu na wa tano. Kule kila mtu anatoa namba yake ya mfululizo, mmoja 1,204, mwingine 37, mwingine 866, huwezi kukisia, lazima uipate masikioni. Ukiandika 886 umeumia, kwa sababu baada ya kontesti logi za watu wote zinaingizwa kwenye kompyuta zinalinganishwa moja kwa moja, kilichoandikwa kwangu kitafutwe kwako. Na kwenye CQ WW ukikosea kolsaini ya mtu unanyang'anywa yale mawasiliano na adhabu juu yake. Niambieni ni wapi pengine kwenye hobi yetu mtu anapimwa usikivu wake kwa ukali namna hiyo? Kwenye maongezi ya kawaida nikikosa neno moja nitasema "sawa sawa" na maisha yanaendelea.

La bendi kujaa. Mita 30, mita 17 na mita 12 hazipigwi kontesti, hizo tulipewa kwenye mkutano wa 1979 na wanaridhaa duniani wamekubaliana kuziacha tulivu. Kwa hiyo mzee rafiki yako wa Afrika Kusini mkubaliane mapema, wikendi ya kontesti mnahamia mita 17 na hamtasikia hata "CQ contest" moja. Na hata kwenye mita 20 mpango wa bendi wa kanda yetu ya kwanza umeweka sauti za kontesti kati ya 14.125 na 14.300, sio kila mahali. Anayeingia kontesti akakanyaga watu nje ya hapo ana makosa na mimi simtetei. Pia 14.300 yenyewe ni ya dharura, kama 7.110 na 21.360, mtu akisikia pana shughuli ya dharura anaondoka, hakuna pointi yenye thamani ya kumziba mtu anayeomba msaada.

Kuhusu kuongezeka nakubaliana na wewe kiasi. Sio kila kontesti ni ya kwetu. ARRL DX, ile ya chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, ya mwezi wa pili na wa tatu kwa mfano sisi tunaruhusiwa kuwahesabu Marekani na Kanada tu, nzuri kwa kupima njia ya huko, lakini huna sababu ya kukesha kama hulengi huko. Mtu achague mbili tatu kwa mwaka azifanye kwa moyo, wikendi zingine apige hadithi na watu kama wewe unavyofanya. Hivi viwili havipigani hata kidogo.

Kijana wa Gulu, FT8 imetoka 2017 na mimi naitumia, sina ugomvi nayo. Kwa mtu wa hosteli ni msaada mkubwa. Tena wenyewe walioitengeneza wakaona haitoshi kasi, 2019 wakaleta FT4 makusudi kwa ajili ya kontesti, zamu ya sekunde 7.5 badala ya 15. Kwa hiyo hata huko kontesti imekufuata. Ila nakuomba kitu kimoja, wikendi moja tu chomeka hedifoni, kaa mita 15 mchana, usiite mtu, sikiliza tu mtu mmoja mzoefu anavyoipanga foleni ya watu mia wanaomwita kwa pamoja. Anashika herufi mbili, "yenye Bravo Kilo peke yake", wengine wote wananyamaza, anamalizana nae, anarudi kwenye wengine. Ule utulivu ni ufundi, na haufundishwi na kompyuta.

Nyabo_Mbale

Nimesoma wote. Mimi sina leseni bado, najiandaa, nimevutiwa na redio kwa sababu ya kilichotokea milima yetu hii ya Elgon. Bududa 2010, Bududa tena 2018, Bulambuli mwaka 2024 mwishoni. Udongo unashuka usiku, barabara inakatika, na mtandao wa simu kule mabondeni wenyewe ni wa kubahatisha. Sasa nikiwaona mnahesabu pointi najiuliza hii inamsaidia nini mama wa kule mlimani? Kaka Waya unisamehe lakini jibu la "inafundisha" bado halijanitosha. Inafundisha nini hasa kinachohusika na dharura?

Waya_Mrefu (Kampala)

Nyabo asante, na usiombe msamaha, hilo ndo swali zito kuliko yote kwenye uzi huu na nitakujibu kwa urefu.

Kwanza nikubali wazi, kontesti sio zoezi la dharura. Kwenye dharura hakuna haraka ya namna ile. Unakuwa na mtu mmoja anayeongoza mawasiliano, unasubiri zamu yako, ujumbe unasomwa polepole neno kwa neno, majina yanatajwa herufi kwa herufi, mpokeaji anarudia mpaka mtoaji aseme sahihi. Bingwa wa kontesti asiyejua kungoja anaweza kuwa msumbufu siku hiyo. Kwa hiyo hilo zoezi lazima tulifanye pia, peke yake, na sisi bado hatulifanyi inavyotakiwa.

Ila angalia vitu gani vinahitajika kabla hata ujumbe haujasomwa. Stesheni isimame mahali pasipo na umeme wa gridi. Mtu ajue bendi gani kwa saa hii inafika wapi. Mtu aweze kukaa kwenye kiti usiku kucha masikio yamechoka na bado aandike jina bila kukosea. Na vifaa viwe vimeshapimwa visife saa ya tatu. Haya yote manne kontesti inayagusa, na kuna chache zinayagusa kwa makusudi kabisa. Wamarekani wana Field Day yao tangu 1933, wikendi kamili ya nne ya mwezi wa sita, watu wanatoka na redio zao kwenda viwanjani, jenereta, betri, mahema, wanapiga mawasiliano saa 24 kama vile miundombinu yote imelala. Kuingiza logi ni kwa watu wa mabara ya Amerika tu, lakini mtindo hauna hati miliki, sisi tunaweza kuuchukua kesho.

Na kwa milima yako nikupe kitu cha kushika mkononi. Redio za mkononi za VHF, zile za masafa mafupi, mgongo wa Elgon unazikata, uko bonde hili hausikiki bonde lile. Dawa yake ni mita 40 na antena ya chini. Waya wa nusu wimbi kwa 7.1 ni kama mita 20 jumla, mita 10 kila upande, unaufunga kwenye mianzi mita nne au tano tu kutoka ardhini. Ukiwa chini hivyo mawimbi yanapanda juu karibu wima yanagonga anga na kurudi chini yote yametawanyika, mlima haukati kitu kwa sababu yametoka juu. Mchana unaongea Bududa na Mbale, na Soroti, na Kampala, bila ripita (mtambo wa kurusha tena mawimbi), bila mnara. Usiku mita 40 mara nyingi inakuwa ndefu mno inaruka watu wa karibu, unashuka mita 80. Sasa hilo la usiku mtu analijuaje? Analijua kwa sababu kwenye kontesti usiku alimsikia Mrusi vizuri na jirani yake wa Kisumu hakumsikia kabisa. Akishaliona mara moja hatahitaji kuambiwa.

Betri pia. Transiva (redio ya kutuma na kupokea) ya wati 100 ikipiga kwa nguvu yote inavuta kama ampea 20 kwenye volti 13.8. Watu wengi wananunua betri ya gari, wanafikiri wamemaliza. Jaribu kuiendesha kontesti nzima, ndo utajua kama sola yako inatosha kuirudisha mchana, na kama inveta yako inatupa kelele kwenye redio kiasi cha kukuziba masikio. Inveta na taa za LED za bei rahisi zinaua mita 80 na 40 mjini kabisa, na hilo mtu asiligundue siku ambayo watu wako kwenye matope.

Kijana_wa_Gulu

Hapo kwenye waya wa chini nimepata kitu kaka. Na huo waya wa mita 40 unafaa bendi nyingine au kila bendi na waya wake?

Waya_Mrefu (Kampala)

Huohuo wa mita 40 unakubali mita 15 bila kuongeza kitu, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Waya mmoja bendi mbili za kontesti. Mita 10 kata mwingine, mita 5 jumla, ni mfupi hata kwenye kibaraza cha hosteli unaingia. Na wewe wa mjini ukipata kilima panda, Kampala milima tunayo, tusikae tu mabondeni. Ila radi ikianza kuunguruma chomoa koksi itoe nje ya nyumba na uache, hata kama uko katikati ya foleni tamu kuliko zote. Kwa nchi yetu hii radi si ya kujaribiwa.

Mzee_wa_Jinja

Haya, hili la milima limeniingia. Bado nasema redio bila maongezi ni nusu ya redio, msitulee vijana wanaojua kusema namba tu. Lakini huyo nyabo wa Mbale apewe msaada wote, mimi nina waya wa shaba na koksi nzuri ambayo haina kazi, atakayeenda huko anipitie.

Mnafikiria kontesti ipi?

Waya_Mrefu (Kampala)

Mzee ubarikiwe sana, na maongezi hatuyaachi, jioni za kawaida tuwalete hao vijana kwako wajifunze kukaa na mtu nusu saa.

Pendekezo langu ni kontesti ya IARU, umoja wa vyama vya redio ya ridhaa duniani, ya mwezi wa saba, wikendi kamili ya pili. Sababu ni kwamba ni saa 24 tu, inaanza Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zetu na kuisha Jumapili saa tisa, mtu wa kazi Jumatatu anaenda kazini akiwa mzima. Inaruhusu sauti na Mosi ndani ya kontesti moja, na unachotoa ni zoni ya ITU, mgawanyo mwingine wa dunia, ambayo yetu ni 48 na sio ile 37, mliozoea CQ WW msichanganye. Tuingie kama kundi, kolsaini moja, redio moja, na kila saa mbili mtu anabadilishwa. Wasio na leseni kama nyabo wakae kwenye kompyuta waandike logi huku mwenye leseni akiwa kwenye maiki, kazi ya kuandika logi inafundisha masikio haraka kuliko nyingine yoyote. Nje ya gridi kabisa, betri na sola. Mahali, mimi napendelea upande wa Mbale tukatize mlima kwa waya wa chini, na waya wa pili wa juu kwa ajili ya mbali.

Na kadi. Watu watatuma kadi nyingi kutaka uthibitisho wa 5X, kwa hiyo tuchapishe zetu mapema pale Nasser Road, picha ya mlima Elgon mbele, na tuweke logi kwenye LoTW, ule mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, wiki hiyohiyo. Mtu aliyekesha kukupata anastahili jibu lake.

Nyabo_Mbale

Nimekubali kuandika logi. Eneo nalijua lililo wazi na gari linafika hata mvua ikinyesha, mwenye shamba ni mtu wa kwetu, nitaongea nae Jumapili baada ya misa. Niambieni tu mianzi mirefu kiasi gani niitafute.

Waya_Mrefu (Kampala)

Miwili ya mita tano kwa waya wa chini, na mitatu mirefu kadri utakavyopata, ikifika mita kumi na mbili safi sana. Ile iliyokomaa nyabo, ya kijani kibichi inapinda ukishavuta kamba.